Mwaka wa Tatu wa Mwinjilisti

Marehemu baba yangu alikuwa fundi cherehani kabla hajawa mwinjilisti, na aliendelea kuwa fundi cherehani baada ya kuwa mwinjilisti, ingawa barua iliyomtuma kazini haikulitaja jambo hilo. Januari 1985 usharika wetu, ulioko kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ulimwekea mikono mbele ya madhabahu, ukaimba, ukalia, ukampa Biblia mpya na mablanketi mawili, kisha ukampandisha yeye, mama na sisi watoto watatu kwenye lori lililokuwa likishuka kuelekea nyanda za Simanjiro. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Kinachonijia kwanza nikiikumbuka siku ile ni mnada uliofanyika nje ya kanisa baada ya ibada: jogoo mmoja mwekundu alinunuliwa, akarudishwa mezani, akanunuliwa tena, akarudishwa tena, hata mara tano, na kila mnunuzi alisema kwa sauti kwamba anamtoa kwa ajili ya Injili. Mama alituambia baadaye kwamba fedha zilizopatikana kwa jogoo yule peke yake zingetosha kununua magunia mawili ya mahindi. Jogoo mwenyewe tulikwenda naye, naye aliliwa na kicheche katika wiki ya pili.

Nimeombwa mara kadhaa, kwa kuwa mimi ni katibu wa kamati ya misioni na uinjilisti katika usharika ninaosali sasa, niandike kuhusu wito wa umisionari na wajibu wa kanisa kuusaidia. Nimesitasita kwa sababu kila nikianza kuandika kuhusu wito najikuta naandika kuhusu unga, sabuni na karo. Sasa nimekubali kwamba labda ndiyo namna yangu ya kulieleza jambo hili. Sherehe ya kumuaga mtu anayetumwa si kipimo cha kanisa, kwa sababu siku hiyo kila mmoja wetu ni mkarimu. Mwaka wa kwanza barua zinakwenda na kurudi, na mwaka wa pili bado lipo kundi la kina mama linalokumbuka tarehe ya kuzaliwa ya watoto wa mwinjilisti. Mimi huuliza habari za mwaka wa tatu.

Katika makanisa yetu tumezoea kuuzungumzia wito kana kwamba ni siri kati ya mtu mmoja na Mungu wake: ameota ndoto, ameguswa katika mkutano wa uamsho, amesikia jina lake usiku. Sipingi kwamba Mungu huita hivyo. Hata hivyo sura ya 13 ya Matendo ya Mitume inasimulia kwa namna nyingine. Katika kanisa la Antiokia wanatajwa manabii na walimu watano kwa majina, nao ni Barnaba, Simeoni aitwaye Nigeri, Lukio Mkirene, Manaeni na Sauli. Wakiwa katika ibada na kufunga, Roho anasema, "Nitengeeni Barnaba na Sauli kwa kazi ile niliyowaitia." Kwa hiyo neno lile lilisemwa kwa kanisa, na kanisa ndilo lililoagizwa litenge. Tena kanisa lile halikuambiwa litafute kijana aliyekosa kazi. Liliombwa wawili kati ya walimu wake watano, na mmoja wao ndiye huyo anayetajwa wa kwanza. Sura inayofuata inaeleza kwamba waliporudi waliwakutanisha waumini wote, wakawasimulia yote yaliyotendeka, kisha wakakaa pale siku nyingi. Kutumwa kulikuwa na mlango wa kutokea na mlango wa kurudia, na milango yote miwili ilikuwa ya kanisa lile lile.

Sisi mara nyingi hutuma wale ambao tunaweza kuishi bila wao. Nimekaa katika vikao ambamo jina la kijana lilipendekezwa kwa ajili ya misioni kwa sababu tu wazazi wake walikuwa wamechoka kumwona nyumbani, na sikusimama kupinga. Nalitaja hilo kwa kuwa ni deni langu mwenyewe.

Waraka kwa Wafilipi husomwa kwetu kama waraka wa furaha, na kweli ni wa furaha, lakini sura yake ya nne kwa sehemu kubwa ni stakabadhi. Paulo yumo kifungoni, na anakiri kupokea kilicholetwa na Epafrodito. Anakumbusha kwamba alipotoka Makedonia hapakuwa na kanisa jingine lililoshirikiana naye katika kutoa na kupokea ila wao, na kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimletea msaada zaidi ya mara moja. Kisha anasema jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: kwamba kufikiri kwao kwa ajili yake kumechipuka tena, maana siku zote walikuwa wanamfikiria ila hawakupata nafasi. Maana yake ni kwamba kulikuwa na kipindi ambacho msaada ulikatika. Paulo hafichi kwamba ulikatika, wala hawalaumu, naye anaandika wazi kwamba amejua kushiba na amejua kuona njaa. Na huyo Epafrodito, mjumbe aliyebeba msaada ule, aliugua karibu na kufa kwa ajili ya safari ile. Nikiwa natuma posho ya mwinjilisti wetu kwa simu, nimekaa, kikombe cha chai kiko mezani, humkumbuka mtu yule.

Baba yangu hakuwa na ujasiri wa Paulo wa kuandika wazi. Alipofariki mwaka 2009 tulikuta katika sanduku lake nakala za kaboni za taarifa zote alizotuma kwa usharika uliomtuma, moja kwa kila robo ya mwaka, zikiwa zimefungwa kwa uzi wa cherehani. Nilizisoma zote kwa siku mbili. Zina idadi ya waliobatizwa, idadi ya wanaofundishwa, vijiji vipya vilivyofikiwa, mvua imenyesha au haikunyesha, na mwisho wa kila moja kuna salamu za mama. Hakuna mahali popote alipoandika kwamba tuna njaa.

Nami nakumbuka vizuri kwamba tulikuwa na njaa. Hiyo ilikuwa 1987, mwaka wa tatu. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka jinsi miaka ile ilivyokuwa: sabuni na sukari vilitafutwa kwa foleni, na mwaka 1986 shilingi ikashushwa thamani kwa kiwango kikubwa, kiasi kwamba posho iliyopangwa Januari 1985 ilikuwa imebaki jina tu. Usharika haukuibadili. Sidhani kwamba walikataa. Nadhani hakuna aliyekuwa na kazi ya kulifikiria. Kisha bahasha, ambayo ilikuwa ikija kwa mkono wa dereva wa lori kila mwisho wa mwezi, ikakoma kabisa kwa miezi minne, kwa sababu usharika ulikuwa umeanza kuezeka paa jipya la kanisa. Barua ya mweka hazina tuliikuta pia sandukuni. Inasema kwamba wako katika ujenzi, kwamba mwinjilisti awavumilie, na inamalizia kwa maneno ambayo tangu hapo siwezi kuyasikia bila kuguna: "Tuko pamoja katika maombi." Usharika huo sitautaja jina, wala mweka hazina huyo; paa lile ni zuri hadi leo, na waliolijenga walikuwa watu wema waliojinyima.

Tuliishi kwa cherehani. Baba alishona sare za shule, alitia viraka, alipinda shuka za Wamaasai waliokuwa wakishuka mnadani, na jioni alikwenda kufundisha katekisimu akiwa na vipande vya nyuzi kwenye nywele. Na tuliishi kwa maziwa. Kina mama wa boma la jirani, ambao wengi wao walikuwa hawajabatizwa, waligundua kabla ya usharika kwamba jiko la Mama Mwinjilisti halitoi moshi kila siku. Hawakuuliza. Asubuhi tulikuta kibuyu kimeegemezwa mlangoni, na jioni mtu alikuja kukichukua kikiwa kitupu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa: waliotumiwa mmisionari ndio waliomlisha mmisionari, huku waliomtuma wakiezeka.

Nilipokuwa mtu mzima niligundua kwamba jambo hili lina historia ndefu katika pwani yetu. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika miezi michache akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Habari hizo zinajulikana na wengi. Anayenigusa mimi ni mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kutoka Gerlingen aliyetumwa na CMS, shirika la kimisionari la Uingereza, na kufika mwaka 1846. Watu humkumbuka kwa siku moja tu, tarehe 11 Mei 1848, alipoiona theluji ya Kilimanjaro, akaandika alichokiona, na wataalamu wa jiografia waliokuwa wamekaa London wakambishia kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na Ikweta. (Kwetu sisi tuliozaliwa chini ya theluji hiyo, ubishi ule huchekesha mpaka leo.) Lakini baada ya siku hiyo kuna miaka 27 ambayo hakuna anayeisimulia. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki Rabai, karibu na Mombasa. Waliobatizwa walikuwa wachache mno, na mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Yeye aliendelea kukusanya maneno: ya Kiswahili, ya lugha ya Warabai na jirani zao, na hata ya watu wa Ziwa Nyasa, ambayo aliyapata kutoka kwa mtumwa aliyeletwa pwani kutoka huko. Macho yake yakaanza kufifia. Shirika lilipochangamka upya na kuleta watu na fedha ili kuanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Frere Town, Mombasa, mwaka 1875, mzee yule alikuwa kipofu.

Mwaka huo huo alirudishwa Ulaya. Aliyemsindikiza na kumshika mkono safarini alikuwa Isaac Nyondo, kijana kutoka katika lile kundi dogo la Wakristo wa kwanza wa Rabai. Rebmann alifariki mwaka 1876, na kamusi yake ya lugha ya Nyasa ikachapishwa mwaka uliofuata. Nimejaribu mara nyingi kuiwazia ile safari ya meli: mmoja ametumwa kuwaongoza wengine, na sasa anaongozwa ngazini na mtoto wa wale aliotumwa kwao. Kama taarifa zake zingesomwa na kamati kama yetu, kamati inayohesabu waliobatizwa kwa robo mwaka, angerudishwa nyumbani mapema kama mtu asiyezaa matunda. Sisemi kwamba CMS iliwajibika vyema kwake wakati wote. Nasema tu kwamba haikumkatia kamba.

Neno kamba nimeliazima kutoka mahali fulani. Tarehe 2 Oktoba 1792, katika mji mdogo wa Kettering nchini Uingereza, wachungaji wachache wa Kibaptisti walikutana sebuleni na kuahidi jumla ya pauni 13, shilingi 2 na peni 6 kwa ajili ya kupeleka Injili mbali. Mwaka uliofuata William Carey, aliyekuwa fundi viatu, alisafiri kwenda Bengal, na hakurudi tena hadi alipofariki huko mwaka 1834. Mmoja wa waliobaki, Andrew Fuller, alisimulia kwamba India ilionekana kwao kama mgodi wenye kina ambao haujawahi kuchunguzwa, na kwamba Carey alikuwa kama mtu aliyekubali kushuka iwapo wao watashika kamba. Fuller aliishika. Alizunguka Uingereza na Uskoti akichangisha, akiandika barua, akijibu waliomshambulia, hadi alipofariki mwaka 1815, yaani miaka 22 tangu rafiki yake ashuke. Hakuwahi kuiona India.

Wilaya ya Simanjiro ndiko yalikochimbwa mashimo ya tanzanaiti ya Mererani, na nilipokuwa msichana nilimsikia mchimbaji mmoja akieleza jinsi mtu anavyomchagua mshika kamba wake. (Wachimbaji wa kule huitwa wanaapolo, nitarudi kwa Apolo mwingine hivi punde, wala hawana undugu.) Alisema kwamba anayeshuka hajali kama aliye juu anampenda, anajali kama hataondoka kwenda kunywa chai. Sijapata kusikia maelezo bora zaidi ya kazi ya kamati ya misioni.

Wapo watakaosema, na katika vikao vyetu husemwa kila mwaka wakati wa bajeti, kwamba hata Paulo alishona mahema. Ni kweli, sura ya 18 ya Matendo inasema hivyo. Lakini mtu akisoma sura ya tisa ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho atamkuta Paulo akitetea kwa mistari mingi haki ya mhubiri kula kutokana na Injili: askari haendi vitani kwa gharama yake, mpanda mizabibu hula matunda yake, mchunga kundi hunywa maziwa yake. Akishaithibitisha haki hiyo ndipo anaposema kwamba yeye, kwa hiari yake, hakuitumia. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeiacha haki yake na mtu anayenyang'anywa. Hakuna kanisa lililomwambia Paulo akashone. Wamoravian wa Herrnhut, Ujerumani, nao walipowatuma watu wao wa kwanza kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi mwaka 1732, mmoja mfinyanzi na mwingine seremala, wale walijua tangu mwanzo kwamba watakula kwa kazi ya mikono yao, na jumuiya nzima ilipangwa kwa namna hiyo. Ndiyo jumuiya iliyokuja kufika Rungwe mwaka 1891. Ukitaka mwinjilisti wako ashone, mwambie kabla hajapanda lori, nawe umnunulie cherehani.

Apolo niliyemwahidi ni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895 na ambaye mwaka uliofuata alivuka kwenda Boga, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, mahali ambapo leo ni Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walimu wawili wa Kiganda walikuwa wamemtangulia na wakaondoka kwa sababu ya chakula, maana chifu Tabaro alitaka wajilimie wenyewe. Apolo alishika jembe. Yaliyompata baadaye ni mengi: dada wa chifu alipofariki kwa ajali ya mkuki Apolo alishtakiwa, akafungwa, akapelekwa Fort Portal, akaachiliwa, akarudi kule kule. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933, na inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ilikuwa bado inaelekea huko. Simtaji mtu huyu kwa ajili ya ushujaa wake tu. Askofu Alfred Tucker, aliyeliongoza kanisa la Uganda wakati huo, alisimamia msimamo kwamba walimu na wachungaji Waafrika walipwe kutokana na matoleo ya Waafrika wenyewe, wala si kwa fedha kutoka Uingereza. Posho zilikuwa ndogo na nyakati nyingine hazikuwepo. Lakini kanisa lililoishi kwa matoleo ya ndizi na simbi, zile kauri zilizotumika kama fedha, lilituma walimu wake mamia ya kilomita, na leo kanisa la Anglikana la Kongo huanza kuisimulia historia yake kutoka Boga.

Hoja hiyo ilirudi kwa kishindo miaka mingi baadaye. Mwaka 1971 John Gatu, aliyekuwa katibu mkuu wa kanisa la Kipresbiteri (PCEA) nchini Kenya, alitoa wito kule Marekani kwamba wamisionari na fedha kutoka nje zisimamishwe kwa muda ili makanisa ya hapa yajitambue, na mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka ukaujadili wito huo kwa moto. Wengi walikasirika. Kanisa la Gatu mwenyewe lilikuwa limechukua neno "Jitegemea" kuwa kaulimbiu yake. Sikubaliani naye katika kila jambo, lakini kwa hili alikuwa sahihi: usharika uliozoea kwamba mwinjilisti hulipwa na watu wasioonekana, kutoka nchi isiyojulikana, haujui bei ya unga mahali anapofanya kazi, na hautajua siku ambayo ameacha kula.

Basi katika kamati yetu, ambayo ni ya kawaida kabisa na hugombana kama kamati nyingine zote, tumeanza kufanya mambo machache tofauti. La kwanza lililonigharimu urafiki na watu wawili ni hili: posho ya mwinjilisti huandikwa mstari wa kwanza wa bajeti, juu ya ujenzi, na hatuanzi kumtuma mtu hadi akaunti yake iwe na posho ya miezi sita mbele. Posho hiyo hutazamwa upya kila Julai kwa kuangalia bei za soko la kule aliko, ambazo mwinjilisti mwenyewe hutuandikia. Nilipendekeza kwamba fomu ya taarifa iwe na ukurasa wa pili usiohusu waliobatizwa: watoto wana afya gani, mama analala saa ngapi, ni lini mara ya mwisho mlikula nyama. Mchungaji wetu aliona swali la nyama halina heshima. Nilimwambia, "Baba Mchungaji, mimi ni mtoto wa mwinjilisti," na swali likabaki.

Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii nao tunaulipa, na bima ya afya, kwa sababu nimeona wainjilisti wengi waliostaafu wakiwa hawana kitu isipokuwa cheti cha shukrani kilichotiwa fremu. Likizo ilikuwa vita nyingine. Zamani mwinjilisti aliyekuja likizo alizungushwa mitaa yote ya usharika akihubiri na kusimulia, na alirudi kazini amechoka kuliko alivyokuja. Sasa wiki tatu za kwanza ni marufuku kumwita mahali popote.

Kuhusu safari za misioni za siku tatu, ambazo vijana wetu wanazipenda sana, sina neno zuri la kusema, na nitasema kwa kifupi ili nisiwaudhi zaidi ya inavyolazimu. Mwaka juzi tulikodi basi, tukashona fulana zenye rangi moja, tukapika, tukahubiri, tukapiga picha, tukarudi. Nilijumlisha stakabadhi: shilingi milioni 4 na laki 5. Mwinjilisti tunayemtunza hupokea shilingi 250,000 kwa mwezi, kwa hiyo tulitumia posho yake ya miezi 18 katika siku tatu. Vijana walijibu, na kwa haki, kwamba wawili kati yao wameanza kuchanga kila mwezi tangu walipoiona ile nyumba ya mwinjilisti kwa macho yao. Tumekubaliana kwamba safari ijayo watakwenda wanane, kwa basi la abiria, na watakaa wiki mbili wakisaidia kujenga choo.

Oktoba iliyopita nilialikwa Simanjiro. Ule mtaa aliouanzisha baba chini ya mti sasa ni usharika, wenye mchungaji Mmaasai, kwaya tatu na madeni yake, nao ulikuwa unamtuma mwinjilisti wake wa kwanza nje ya eneo lake, kijana na mkewe, kwenda kwa Wabarabaig wa Hanang. Kwa wanaofahamu jinsi jamii hizi mbili zilivyogombania malisho kwa vizazi, sina haja ya kueleza kwa nini kanisa lilikuwa kimya namna ile alipowekewa mikono. Nilipopewa nafasi ya kusalimu, niliuliza swali langu la siku zote, kwamba ni nani atakayemkumbuka mwinjilisti huyu katika mwaka wa tatu.

Mchungaji alitaka kujibu, lakini mama mmoja mzee aliyekaa mstari wa mbele alinyanyuka, akaniambia nitoke nje nimfuate. Nyuma ya kanisa kulikuwa na zizi la miiba. Akanieleza, huku mjukuu wake akitafsiri pale Kiswahili kilipompungukia, kwamba hawakufanya mnada wa siku moja. Kila boma lilitoa mtamba au ng'ombe anayekamuliwa, na kundi hilo litachungwa na watoto wao kwa zamu. Ndama watakaozaliwa ni wa mwinjilisti, na kila baada ya miezi minne ng'ombe mmoja atauzwa mnadani na fedha zitapelekwa na mtu, kwa miguu yake, hadi Hanang, akae naye siku mbili, aone. Akanitajia aliyetoa kila mnyama, kwa jina la boma. Niliwahesabu, walikuwa kumi na mmoja. Mmoja alikuwa anachechemea, nikamuuliza kama naye yumo.

"Yumo," alisema. "Huyo ni wangu."